Viazi lishe, mlonge au kisiki hai: kikundi cha kijiji kianze na kipi?

Kikundi cha wanakijiji kinachotaka watoto wake wale vizuri zaidi na ardhi yake irudishe miti hakikosi ushauri. Kinachokosa ni mikono ya kuutekeleza wote kwa pamoja. Bwana shamba atakuja na marando ya viazi lishe, mhudumu wa afya atasifu majani ya mlonge, na ofisa misitu atapendekeza kisiki hai, yaani kuyatunza machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa hadi yawe miti tena, akisisitiza kwamba hakuna kitakachosimama iwapo ardhi itaendelea kubaki wazi. Kila mmoja ana hoja, na kila hoja ikisikilizwa peke yake inashawishi. Makala haya yanayaweka mapendekezo hayo matatu bega kwa bega, kwa ajili ya kikundi chenye msimu mmoja wa mvua mbele yake, majembe na mapanga ya wanachama, na fedha kidogo sana za kununulia chochote.

Niseme mapema ninakoelekea. Vitu hivi vitatu havishindani kama watetezi wake wanavyodhani, kwa sababu kimoja hujibu haja ya miezi, kingine haja ya mwaka, na cha tatu haja ya miaka kumi. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuchagua mmea kwa sifa za virutubisho vyake kabla ya kujua ni nini kinachokosekana kwenye sahani, na ni nani atakayeruhusiwa kuvuna.

Sahani kwanza

Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima ulaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 kwa kutumia makundi 8 ya vyakula: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu; maziwa mengine na mazao yake; nyama, samaki na vyakula vya jamii hiyo; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengine. Mtoto aliyekula kutoka katika makundi yasiyopungua 5 siku iliyotangulia huhesabiwa kuwa amepata mlo wenye mchanganyiko wa kutosha. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Wanachama wachache wenye daftari wanaweza kuwatembelea kina mama wa kitongoji kizima, wakauliza kwa upole mtoto alikula nini jana kuanzia alipoamka hadi alipolala, na kuweka alama kwenye makundi yaliyoguswa. Muhimu ni kuuliza kuhusu jana, si kuhusu siku za kawaida, kwa maana ukimuuliza mzazi mtoto wake hula nini kwa kawaida atakutajia vyakula anavyotamani kumpa.

Daftari hilo hufichua jambo ambalo vipeperushi havisemi. Viazi lishe na majani ya mlonge huangukia kundi lilelile, la mboga na matunda yenye vitamini A. Mahali ambapo watoto tayari wanakula mboga za majani ya kijani iliyokolea kila siku, mlonge hauongezi kundi jipya, bali unaongeza aina nyingine ya mboga. Mahali ambapo mboga hupotea kabisa wakati wa kiangazi, hesabu hubadilika. Na pale ambapo pengo ni la mayai, samaki au jamii ya kunde, si kiazi wala mlonge utakaoliziba, na kikundi kitakuwa kimejifunga kibwebwe kwa kazi isiyokuwa yake. Hapo ni afadhali kitafute kuku au mbegu za maharage kabla ya kuendelea kusoma ulinganisho huu.

Viazi lishe

Tuchukulie kwamba pengo ni la vitamini A, kama lilivyo katika jamii nyingi zinazotegemea nafaka nyeupe na mihogo. Upungufu wake hudhoofisha kinga ya mwili, na ukizidi humfanya mtoto asione vizuri giza linapoanza kuingia. Mzazi huliona jambo hilo jioni, mtoto anapojikwaa kwenye vitu ambavyo wenzake wanavipita. Viazi lishe ni viazi vitamu ambavyo ndani vina rangi ya chungwa, na rangi hiyo yenyewe ndiyo beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi cheupe kina kiasi kidogo mno. Kwa aina nyingi zenye rangi iliyokolea, gramu 125 kwa siku, yaani kiazi kimoja kidogo, hutosheleza mahitaji ya mtoto ambaye hajafikia umri wa kuanza shule. Sijui zao jingine la shambani linaloweza kutoa jibu la wazi namna hiyo ndani ya miezi mitatu hadi mitano tangu kupandwa.

Ushahidi wake nao ni mzito. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, pamoja na Howarth Bouis wa HarvestPlus, kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe. Katika mradi uliofanyika Zambezia nchini Msumbiji, kiwango cha vitamini A katika damu ya watoto kilipanda baada ya familia zao kuanza kulima na kula viazi hivi. Lakini inafaa kutazama namna mradi ule ulivyoendeshwa: familia zilipewa marando, zikapata mafunzo ya lishe, na soko likatengenezwa kwa ajili ya ziada. Kikundi kinachogawa marando na kuondoka hakina haki ya kutegemea matokeo yaleyale.

Jikoni kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, viazi vichemshwe na maganda yake, sufuria ikiwa imefunikwa, na mtoto apewe pamoja na mafuta kidogo au karanga zilizosagwa, kwa sababu beta-karotini hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Pili, kuvikata vipande, kuvianika juani na kuvihifadhi kwa miezi mingi hupoteza sehemu kubwa ya kile kilichotafutwa. Aidha, aina nyingi za viazi lishe ni laini na zenye maji kuliko viazi vyeupe. Watoto huvipenda hivyohivyo, lakini watu wazima waliozoea kiazi kikavu hulalamika. Nashauri kikundi kipike aina mbili au tatu na kuzionja hadharani kabla ya kulima hata tuta moja, kwa kuwa zao lisilopendwa na mtu mzima anayeshika jembe halifiki msimu wa tatu.

Udhaifu mkubwa wa viazi lishe ni mbegu. Havipandwi kwa punje inayoweza kuwekwa kwenye gunia. Hupandwa kwa marando mabichi, na pale kiangazi kinapokuwa kirefu marando hukauka yote, kisha mvua zinapoanza kila mtu anatafuta na hakuna mwenye nayo. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Dawa yake ipo na haina gharama. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo vizima, visivyo na tundu la fukusi wala mchubuko, kutoka kwenye mashina ambayo majani yake hayakujikunja wala kuwa na mabaka ya manjano. Tandika mchanga mkavu uliopoa kwenye beseni au shimo lililofunikwa vizuri, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, panga safu nyingine, na uviache mahali pakavu penye kivuli. Kila baada ya wiki chache fukua kwa vidole na uondoe kilichooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi hivyo, ambavyo kufikia hapo vitakuwa vimechipua, hupandwa kwenye kitalu kidogo na kumwagiliwa, na mvua za kwanza hukuta marando yako tayari. Mwanachama mmoja mwenye beseni na moyo wa kufuatilia anaweza kuwaokoa majirani zake wote.

Fukusi nao hawana huruma. Hupita kwenye nyufa za ardhi iliyokauka hadi kwenye kiazi, na kiazi kilichoshambuliwa hutengeneza sumu yenye ladha chungu, kwa hiyo hakifai kuliwa na mtu wala mnyama. Kupandishia udongo kwenye matuta na kuvuna kwa wakati hupunguza hasara. Viazi vilivyovunwa navyo havikai; baada ya wiki moja au mbili katika hali ya kawaida huanza kunyauka na kuoza. Hilo ndilo linalofanya kulima kidogo kidogo, kwa kupishana wiki kadhaa, kuwe bora kuliko kulima shamba kubwa siku moja.

Mlonge

Mlonge, mti wenye asili ya miinuko ya chini ya Himalaya, una sifa nyingi za kweli. Huota kwa mbegu au kwa kipande cha tawi, hustahimili ukame, na ukikatwa kwenye kimo cha kiuno hutoa matawi mengi yanayochumwa majani tena na tena. Adui yake mkubwa kwenye udongo ni maji yanayotuama.

Hata hivyo, sifa zake zimetiwa chumvi, na waliotia chumvi wamewafanya wazazi waweke matumaini mahali pasipostahili. Inasemwa kwamba majani yake yana vitamini C mara saba ya chungwa. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha takriban miligramu 52 kwa kila gramu 100 za majani mabichi, kiasi kinachokaribiana na kile cha chungwa, na sehemu ya hiyo hupotea majani yanapopikwa au kukaushwa. Ulinganisho mwingine huchukua unga mkavu, ambao maji yake yote yameondolewa, na kuuweka mizani moja na maziwa au karoti mbichi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni maji. Majani mabichi ya mlonge ni maji kwa karibu asilimia 79. Ukiyakausha, chochote kilichobaki lazima kionekane kimeongezeka mara kadhaa.

Njia nzuri ya kuurudisha ukweli mezani ni kijiko. Gramu 100 za unga wa mlonge zina protini ya takriban gramu 25, namba inayopendeza inapoandikwa kwenye bango. Lakini kijiko cha chakula kilichojaa hubeba gramu kama 8, yaani protini ya gramu 2 hivi, na mtoto wa miaka miwili hawezi kumaliza vijiko viwili katika uji wake bila kuukataa kwa uchungu na rangi. Mahitaji yake ya protini kwa siku ni takriban gramu 13. Kijiko hicho kina faida, hasa kwa kalisi na beta-karotini, ila hakichukui nafasi ya yai, maharage wala samaki, na anayemwambia mzazi vinginevyo anamnyima mtoto chakula kingine kilichowezekana.

Kwa sababu hiyo ninauona mlonge kuwa mboga ya kiangazi. Mashina matano au sita karibu na mahali yanapomwagwa maji yaliyooshea vyombo, yakatwe mara kwa mara yasirefuke, na majani yapikwe mabichi kama mboga nyingine. Ikilazimu kukausha, yakaushwe kivulini na unga uwekwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Kikundi pia kiwatahadharishe wanachama wake kwamba mizizi na magome si chakula, na kwamba wajawazito hasa wajiepushe navyo. Kuhusu mbegu zake zilizosagwa, ni kweli huzifanya chembe za tope katika maji zigandamane na kuzama, lakini maji yaliyong'aa kwa njia hiyo bado yanahitaji kuchemshwa.

Kama chanzo cha kuni, mlonge haufai. Mti wake ni laini, na kikundi kinachodhani kimepanda msitu kwa kupanda safu za mlonge kitagundua hivyo mapema.

Kisiki hai

Pendekezo la tatu halihitaji mbegu wala kitalu. Katika mashamba mengi yanayoonekana hayana miti, chini ya udongo kuna visiki ambavyo mizizi yake haijafa. Kila msimu huchipua, na kila msimu chipukizi hukatwa kwa jembe, huliwa na mbuzi au huchomwa moto wakati wa kusafisha shamba. Mwaka 1983, katika eneo la Maradi nchini Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, ambaye miche mingi aliyokuwa akiipanda ilikuwa inakufa, alikitazama kwa karibu kichaka alichokuwa amekipita mara nyingi na kutambua kwamba hakikuwa kichaka, bali mti uliokatwa unaojaribu kuota upya. Tangu hapo alihubiri utunzaji badala ya upandaji. Kwa miongo iliyofuata, wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye mashamba yanayokadiriwa kufikia hekta milioni 5, wengi wao wakiiga tu kilichofanywa na jirani.

Kazi yenyewe huonekana rahisi kupita kiasi. Unapiga magoti mbele ya kisiki chenye machipukizi ishirini au thelathini, unachagua matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kisha unayakata mengine yote. Kwenye yale yaliyobaki, unapogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya kimo, ukikata kutoka chini kuelekea juu ili gome lisichanike na kuacha kidonda. Unafunga kitambaa cha rangi kwenye shina, ili anayepalilia na anayechunga wajue kwamba kichaka hiki kina mwenyewe. Matawi yaliyokatwa yanakwenda jikoni siku ileile. Kwa kuwa mizizi ni ya mti mzima na tayari imefika chini kwenye unyevu, shina hukua kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia, na halihitaji kumwagiliwa.

Je, hili linahusianaje na lishe? Kwa njia tatu, na ya kwanza ndiyo husahaulika. Kuni zikiwa mbali, kinachopungua kwanza ni vyakula vinavyochukua muda kuiva, na maharage yako mstari wa mbele. Hivyo tawi la kuni lililo karibu huweza kuwa na maana kubwa kuliko kopo la unga wa mlonge. Ya pili ni udongo. Mti kama Faidherbia albida, unaotwaa hewani naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hupukutisha majani yake mvua zinapoanza na hivyo hauyatii mazao kivuli wakati yanakua. Ya tatu ni vyakula vya miti yenyewe: matunda, majani, uyoga, wadudu wanaoliwa. Utafiti wa mwaka 2014 uliolinganisha ulaji wa watoto na kiasi cha miti katika nchi 21 za Afrika ulikuta kwamba pale penye miti mingi zaidi watoto walikuwa na mlo wenye mchanganyiko zaidi, na kwamba ulaji wa matunda na mboga uliongezeka hadi miti ilipofunika karibu asilimia 45 ya ardhi, kisha ukashuka. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba miti ndiyo iliyoleta mlo huo, ila zinapatana na yale ambayo wakaao kando ya misitu wameyasema siku zote. Zinaonyesha pia kwamba mchanganyiko wa shamba na miti unaweza kumlisha mtoto vizuri kuliko msitu mnene peke yake.

Nani atavuna?

Hapa ndipo mapendekezo haya matatu yanatofautiana kuliko kwenye jedwali lolote la virutubisho. Viazi lishe vinaweza kulimwa kwenye ardhi ya kukodi au kuazimwa, kwa sababu mwenye ardhi anajua kwamba baada ya miezi mitano vitakuwa vimeng'olewa. Mti ni habari nyingine. Katika jamii nyingi kupanda mti ni kudai ardhi, hivyo mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mume wake, au mpangaji, huweza kuzuiwa kupanda hata mlonge mmoja, au akaruhusiwa kupanda na kukatazwa kuvuna. Kisiki hai kina mtego wake: mti haukupandwa na mtu, kwa hiyo kila mtu anaweza kudai kwamba ni wake, na serikali pia. Niger ilirithi kutoka enzi za ukoloni sheria zilizoifanya miti kuwa mali ya dola, na mkulima hakuwa na sababu ya kutunza kitu ambacho angetozwa faini kwa kukikata. Miti iliongezeka pale maofisa walipolegeza utekelezaji wa sheria hizo na wakulima wakaamini kwamba jasho lao halitapotea.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanza na kisiki hai kiwe na kikao kabla ya kuwa na panga. Wafugaji wawepo, wachoma mkaa wawepo, na wakubaliane kwa maandishi ni nani anakata tawi gani, mifugo inapita wapi baada ya mavuno, na anayekiuka anafanywa nini. Kikao hicho kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Bila hicho, mbuzi wa siku moja watamaliza kazi ya mwaka.

Uchaguzi wenyewe

Ningekuwa nashauri kikundi chenye watoto wengi wa chini ya miaka mitano, ambacho daftari lake linaonyesha pengo la vitamini A na wanachama wake wengi ni wanawake wasio na ardhi yao, ningekiambia kianze na viazi lishe bila kusita, na mtu wa kutunza marando ateuliwe siku ya kwanza. Kikundi ambacho watoto wake wanapata mboga na matunda, lakini kina mama hutumia nusu siku kutafuta kuni na mavuno yanashuka kila mwaka, kianze na kisiki hai. Kwao kiazi hakitagusa tatizo. Mlonge sitaupendekeza kuwa kazi kuu ya kikundi chochote. Unafaa kuongezwa nyumbani kwa nyumba, na kiangazi kirefu ndicho kinachoupa haki ya kuwepo.

Wanaoweza kufanya mawili wana bahati ya kalenda. Kupogoa visiki ni kazi ya kiangazi, wakati mashamba yamelala na machipukizi yanaonekana vizuri. Marando hupandwa mvua zinaposhika. Mikono ileile inatosha, mradi kikao cha wafugaji kimefanyika kabla mifugo haijafunguliwa kwenye mabua, na mabeseni ya mchanga yamejazwa viazi kabla ya marando ya mwisho kukauka.